BURY: Timu iliyouzwa kwa paundi moja

Wadau, juzi nilikuwa zangu kafe nasubiri mashine ifunguke, mara jamaa wawili wakaanza kubishana. Mmoja kavaa jezi ya Arsenal, mwenzake ya Man City. Mada yenyewe: kwa nini timu ndogo za Uingereza zinafilisika wakati Uingereza ndiko hela za mpira zilikojaa? Wa Arsenal akasema, "Hazina akili tu kaka, nani kazilazimisha kutumia kuliko zinachopata?" Wa City akacheka, akasema basi nazo zitafute tajiri, kama wao walivyopata.

Mimi nikanyamaza kwa sababu dakika zangu zilikuwa zinahesabika. Lakini niliondoka na dukuduku. Jibu la yule wa Arsenal lina ukweli nusu, na jibu la yule wa City ndilo lililoua timu niliyotaka kuwasimulia. Timu yenyewe inaitwa Bury. Najua wengi hamjawahi kuiona hata kwenye mkeka. Vumilieni kidogo, maana kisa chake kinatuhusu kuliko tunavyodhani.

BURY NDIO NANI?

Bury ni mji mdogo kaskazini mwa Manchester, kama kilomita 13 hivi. Yaani shabiki wa pale akitoka nyumbani kwake ana Old Trafford na Etihad karibu kabisa. Klabu ya Bury ilianzishwa mwaka 1885, ikaingia kwenye ligi mwaka 1894, na uwanja wake ni Gigg Lane. Msiidharau: ilichukua Kombe la FA mara mbili, mwaka 1900 na mwaka 1903. Ile fainali ya 1903 iliichapa Derby County bao 6-0, na hakuna timu iliyofikia ushindi huo kwenye fainali mpaka Man City walipoifunga Watford 6-0 mwaka 2019. Zaidi ya miaka mia moja, rekodi ya kitimu kidogo.

Colin Bell, ambaye wazee wa City wanamwita mmoja wa wachezaji bora kuwahi kuvaa jezi yao, alianzia Bury kabla ya kwenda City mwaka 1966. Na wale ndugu wawili wa Man United, Gary na Phil Neville? Mama yao alikuwa katibu wa klabu ya Bury kwa miaka mingi. Kwa hiyo timu hiyo haikuwa ya kuokoteza. Ilikuwa timu ya watu, mashabiki elfu tatu nne kila wiki, babu akimrithisha mjukuu.

Mashabiki hao ndio wengine kwenye vijiwe vyetu wanawaita wagonjwa. Eti unakaa karibu na Old Trafford halafu unashabikia Bury! Lakini wao wanakuuliza swali gumu: wewe umechagua timu, au timu imekuchagua?

HELA ZA TIVII ZINAGAWANYWAJE?

Hapa ndipo penye ugonjwa, tuweke hesabu mezani.

Mwaka 1992 timu kubwa za Uingereza zilijitoa kwenye mfumo wa zamani, zikaanzisha Premier League ili hela za tivii zibaki kwao. Kabla ya hapo hela hizo zilikuwa zinashuka mpaka madaraja ya chini kwa kiasi fulani. Baada ya hapo, kila mkataba mpya ukawa mnono kuliko uliopita.

Chukua mfano wa mwaka 2019, mwaka ambao Bury ilikufa. Premier League ilikuwa na mikataba ya tivii ya ndani ya Uingereza pekee inayofikia kama paundi bilioni 5 kwa miaka mitatu. Timu ni 20. Ukigawa sawasawa kwa mwaka, kila timu inapata kama paundi milioni 83. Na hiyo ni kabla hujaweka hela za nje, yaani zile zinazotoka kwetu sisi wa king'amuzi na vibanda umiza.

Upande wa pili kuna timu 72 za madaraja matatu yanayofuata. Mkataba wao mpya wa mwaka huohuo wa 2019 ulikuwa karibu paundi milioni 600 kwa miaka mitano. Ukigawa sawasawa, kila timu inapata paundi milioni 1.7 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo wa juu anapata mara hamsini ya wa chini.

Na hata hiyo 1.7 haigawanywi sawa. Asilimia 80 inakwenda Championship, ambalo ndilo daraja la pili. League One wanapata asilimia 12, League Two wanapata asilimia 8. Piga mwenyewe: timu ya League Two inabaki na kama paundi laki nne kwa mwaka. Kuna wachezaji wa Premier League wanaolipwa hizo kwa wiki mbili.

Msije mkasema Premier League haitoi kitu, inatoa msaada kwa timu za chini. Ila ni msaada wa kukufanya usife leo, sio wa kukufanya upumue kesho.

WATOTO NAO WANACHUKULIWA

Zamani timu ndogo ilikuwa na njia nyingine ya kujipatia mkwanja: unamlea dogo tangu akiwa na miaka kumi, akifika ishirini unamuuza kwa timu kubwa, hela hiyo inakuendesha miaka miwili mitatu. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi na enzi.

Mwaka 2012 ukaja utaratibu mpya wa vituo vya vijana. Fidia ya kumchukua mtoto kutoka kituo cha timu ndogo ikawekewa kiwango maalum, na kiwango chenyewe ni kidogo. Brentford walichoka kabisa, mwaka 2016 wakafunga kituo chao cha vijana. Walilalamika kwamba wanagharamia madogo kwa miaka halafu wakubwa wanakuja kuwachukua kwa paundi elfu thelathini tu. Elfu thelathini! Dogo huyohuyo akiiva anauzwa milioni.

Kwa hiyo mtu anayesema timu ndogo ziishi kwa akili, ajue kwamba moja ya akili zake kubwa ilikatwa mguu.

KAMARI YA KUPANDA DARAJA

Sasa turudi kwa jamaa wa Arsenal. Kwa nini wanatumia kuliko wanachopata?

Jibu ni kwamba ngazi ya juu ina utajiri na ngazi ya chini ina njaa. Kupanda daraja moja kunaweza kubadilisha maisha ya klabu, kushuka kunaweza kuiua. Kwa hiyo kila mwenye timu anajiambia, nikiongeza mishahara kidogo nikapata straika mmoja, napanda, hela zitarudi. Tatizo jirani yake naye anawaza hivyohivyo. Timu 24 zinawaza hivyo, na zinazopanda ni tatu au nne. Zilizobaki zinabaki na madeni. Hii ni kamari, wadau, tena ya kuweka nyumba ya ukoo.

Sheria ya kuzuia ilikuwepo. League One timu haikuruhusiwa kutumia zaidi ya asilimia 60 ya mapato yake kwenye mishahara ya wachezaji. Safi, eh? Ila hela anayoingiza tajiri mwenye timu ilihesabiwa kuwa ni mapato. Kwa hiyo tajiri akiweka milioni mfukoni mwa klabu, karatasi inaonyesha klabu ina afya. Siku tajiri akichoka, afya inaondoka naye.

Bury walipita njia hiyo. Kuanzia mwaka 2013 timu ilikuwa chini ya mfanyabiashara wa majumba aliyekuwa na ndoto ya kuifikisha Championship. Mishahara ikapanda. Uwanja wa Gigg Lane ukawekwa rehani ili kupata mikopo. Matokeo yake? Msimu wa 2017/18 wakashika mkia League One, wakashuka. Biashara za majumba nazo zikayumba. Tajiri mfuko ukatoboka.

PAUNDI MOJA

Desemba 2018 klabu ikauzwa kwa bwana mmoja anaitwa Steve Dale. Bei? Paundi moja. Sio milioni moja, paundi moja, bei ya soda, maana madeni ndiyo yalikuwa mzigo wenyewe.

Unaweza kujiuliza, hivi hakuna anayekagua? Ligi ina kipimo cha wamiliki na wakurugenzi. Lakini kwa utaratibu wa wakati ule mtu aliweza kukamilisha ununuzi kabla hajaonyesha ligi ushahidi wa fedha za kuiendesha klabu. Na ushahidi huo ligi ilisema haikuupata wa kuridhisha. Baadaye Dale mwenyewe alisema redioni kwamba kabla ya kuinunua hakujua hata kama kuna timu ya mpira inaitwa Bury. Fikiria, mtu hajui timu ipo, na ndiye mwenye ufunguo wa uwanja.

Sasa sikilizeni maajabu. Msimu huohuo wa 2018/19, mishahara ikichelewa, wachezaji wengine wakishindwa kulipa pango, wale vijana chini ya kocha Ryan Lowe walipambana ile mbaya wakashika nafasi ya pili League Two, wakapanda daraja! Mashabiki wakaingia uwanjani kushangilia. Baada ya wiki chache kocha na wachezaji wengi wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Timu imepanda, lakini haina hela ya kulipa watu walioipandisha.

JUMANNE, 27 AGOSTI 2019

Msimu mpya ulipoanza Bury ilikatwa pointi 12 kwa sababu ya madeni, na mechi zake zikaahirishwa moja baada ya nyingine. Ligi ikasema: leteni ushahidi wa fedha au tunawatoa.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumanne, tarehe 27 Agosti 2019. Asubuhi mashabiki kwa mamia walikwenda Gigg Lane na mifagio na ndoo. Walifuta viti, wakafyeka majani, wakasafisha vyoo, wakitegemea mnunuzi mpya angesaini na wikiendi wangecheza. Siku chache kabla, mkurugenzi mmoja wa zamani, mwanamama, alijifunga pingu kwenye bomba la uwanja kwa uchungu.

Alasiri, muda mfupi kabla ya saa ya mwisho, kampuni iliyokuwa inunue ikajitoa. Ilisema ilipofungua vitabu ilikuta matatizo makubwa kuliko ilivyodhani. Usiku ligi ikatangaza: Bury imeondolewa. Miaka 125 ya kucheza kwenye ligi ikaisha kwa taarifa ya kurasa chache. Ilikuwa klabu ya kwanza kutolewa ligi tangu Maidstone United ya mwaka 1992. Bolton, majirani zao, walikuwa kwenye kitanzi hichohicho, wao wakaponea chupuchupu siku iliyofuata.

Sio wachezaji tu walioumia. Wachezaji wanapata timu nyingine. Aliyebaki ni muuza chai wa nje ya uwanja, mwenye baa ya jirani aliyekuwa akiishi kwa Jumamosi, mlinzi, mama wa kufua jezi, na mzee mstaafu aliyekuwa na kiti chake kilekile tangu ujana. Mzee kama huyo unamwambia nini? Hamia City? Ni sawa na kumwambia mjane kuna wanaume wengi mjini.

WIMBLEDON WALIKUWA WAMESHAONYESHA NJIA

Mashabiki wa Bury hawakuwa wa kwanza. Mnaikumbuka Wimbledon ya akina Vinnie Jones, waliowafunga Liverpool 1-0 kwenye fainali ya FA mwaka 1988? Timu ile ilihama uwanja wake wa Plough Lane mwaka 1991, ikawa mpangaji kwa Crystal Palace. Plough Lane wenyewe ukauzwa, baadaye yakajengwa maghorofa ya kuishi. Timu isiyo na uwanja ni kama mtu asiye na kwao, kila mwenye nyumba anakuamuru. Mei 2002 tume ya chama cha mpira ikaruhusu wamiliki waihamishie Milton Keynes, kama kilomita 90 kutoka kwao.

Mashabiki wakasema hapana. Ndani ya wiki chache wakaunda timu yao, AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa mtaani, anayetaka aje. Walianzia daraja la tisa. Wakapanda, wakapanda, na mwaka 2011 wakaingia kwenye ligi ileile waliyotolewa. Novemba 2020 walirudi kucheza Plough Lane, kwenye uwanja mpya karibu kabisa na ule wa zamani, na mashabiki waliikopesha klabu zaidi ya paundi milioni 5 ili ujenzi umalizike. Klabu ile ni mali ya mashabiki wenyewe, kila mwanachama kura moja.

Siri yao? Hawakutafuta tajiri. Walikubali kuwa wadogo kwa muda, ili wasiwe mali ya mtu.

BURY WAMEFUFUKA, LAKINI...

Nao Bury wakafuata. Kundi moja la mashabiki likaanzisha Bury AFC, likaanza kucheza mwaka 2020 daraja la kumi kwenye uwanja wa kuazima mji wa jirani. Kundi la pili likasema hapana, sisi tupiganie Gigg Lane na jina letu halisi. Februari 2022 kundi hili la pili likafanikiwa kuununua uwanja, likisaidiwa na paundi milioni moja kutoka mfuko wa serikali pamoja na michango ya wapenzi.

Mnadhani waliungana siku hiyohiyo? Wapi! Wana uwanja wasio na timu, na wana timu wasio na uwanja, wakabishana. Oktoba 2022 walipiga kura ya kuungana, kura hazikutosha. Watu wa familia moja wakaacha kusemeshana. Hata hela iliyoahidiwa na halmashauri ilikuwa inasubiri wapatane kwanza. Walipopiga tena mwaka 2023, kura zikatosha, na msimu wa 2023/24 Bury ikarudi Gigg Lane kwa jina lake. Mwaka 2025 ilichukua ubingwa wa ligi yake ya daraja la tisa, ikapanda hadi la nane, mbele ya maelfu ya watu, umati ambao timu nyingi za madaraja ya juu wangeuonea wivu.

Nalisema hili ili tusijidanganye. Timu ya mashabiki sio pepo. Inachoka, inagombana, na ukiingia uwanjani bado unakutana na mwenye hela nyingi kuliko wewe. AFC Wimbledon wenyewe walishuka daraja mwaka 2022, wakarudi League One 2025. Faida yake ni moja: hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi akaiuza kwa bei ya soda.

Serikali ya Uingereza nayo ilishtuka. Kuanguka kwa Bury, pamoja na lile vurugu la Super League la Aprili 2021, vilisukuma sheria mpya iliyopitishwa Julai 2025. Sheria hiyo imeunda chombo huru cha kusimamia klabu: kuwapima wamiliki, kukagua mipango ya fedha, na kuzuia uwanja kuuzwa ovyo. Itafanya kazi? Tusubiri tuone.

NA HUKU KWETU?

Kwa Kiswahili chetu cha mpira tuna neno moja tamu: mfadhili. Timu ikifanya vibaya, kilio ni "tupate mfadhili". Mfadhili akija tunambeba juujuu. Akiondoka, wachezaji wanadai mishahara, basi linaharibika njiani, na timu inakwenda ugenini na wachezaji kumi na watatu. Wangapi kati yenu mmeona hili mkoani kwenu?

Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo ukiondoa Azam mwaka 2014, ubingwa umekuwa ni Simba na Yanga, Yanga na Simba. Sio kwamba vipaji viliisha Mbeya na Tanga. Ni hela. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa tivii wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225, jambo kubwa kwa mpira wetu. Ila hela ya tivii ikishaingia, swali la Bury linaingia nayo: inagawanywaje, na inashuka mpaka wapi?

Kwa hiyo wewe mwenye timu ya mkoa au ya mtaa, kabla hujabeba mfadhili mabegani, uliza mambo manne. Uwanja ni wa nani? Klabu imeandikishwa kwa jina la nani? Hela anayotoa ni msaada au ni mkopo utakaodaiwa? Na akiondoka kesho, mishahara ya mwezi ujao inatoka wapi? Mfadhili mwema hatakasirika ukimuuliza. Akikasirika, umeshapata jibu.

Yule jamaa wa Arsenal nitamwambia hivi nikimkuta tena kafe: ni kweli kaka, walitumia kuliko walichopata. Lakini waliotumia sio waliolipa. Aliyetumia alikuwa na ufunguo, aliyelipa alikuwa na mfagio.

Haya wadau, nimemaliza. Timu gani ya kwenu iliwahi kuvuma halafu ikapotea? Iliuawa na nini, mfadhili, uongozi, au sisi wenyewe tuliokimbilia kutazama Man U kibanda umiza siku yenyewe inacheza? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana.